Wasomaji Wauliza: Kibao cha Wamarekani Waliopita Uganda

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: vibao vinavyosimikwa kando ya barabara kuwakumbuka wasafiri wa karne ya 19. Zimejibiwa kwa pamoja na watu wa historia na mafundi wa ukurasa huu.

Ndugu wahariri, kikundi chetu hapa Njeru kinataka kusimika kibao cha wapelelezi wa kwanza wa Kimarekani waliofika Uganda. Mnara wa Speke tunao tayari, lakini yeye alikuwa Mwingereza. Je, Wamarekani walikuwepo kweli? Tuandike majina gani?
*Katibu wa kikundi, Njeru*

Walikuwepo, ndugu katibu, na wa kwanza wao karibu amesahauliwa kabisa. Ni Charles Chaillé-Long, mzaliwa wa Maryland, 1842. Alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha mwaka 1869 akaingia jeshi la Misri kama ofisa. Mwaka 1874 Charles Gordon, aliyekuwa akilitawala jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Khedive (mtawala) wa Misri, alimtuma kwa Muteesa I, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Alipokelewa kwa Kabaka Juni mwaka huohuo. Wakati wa kurudi alipanda mitumbwi pale Urondogani, akateremka na Nile mpaka akatokea kwenye ziwa ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote ya Ulaya. Akaliita Ziwa Ibrahim. Jina hilo halikushika. Wenyeji walikuwa na lao, na ndilo tunalotumia hadi leo: Kyoga. Mbele kidogo, karibu na Mruli, alipambana na watu wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro.

Kwenye kibao msimwandike kana kwamba alitumwa na serikali ya Marekani. Alikuwa Mmarekani aliyevaa sare ya Misri, na Misri wakati huo ilikuwa ikiitamani nchi hii. Ukiliacha hilo, msomaji hataelewa kwa nini Kabarega alimpinga.

Wa pili ni Henry Morton Stanley. Huyu anahitaji uangalifu zaidi. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaenda Marekani akiwa kijana, akawa askari huko kisha mwandishi wa gazeti la New York Herald. Safari yake ya 1874 hadi 1877 ililipiwa na gazeti hilo pamoja na Daily Telegraph la London. Kwa hiyo andikeni “mwandishi wa gazeti la New York, mzaliwa wa Wales”, wala msiishie kwenye neno “Mmarekani”. Aprili 1875 alitua Usavara kwa mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Mwaka huo alilizunguka Ziwa Viktoria lote akathibitisha kwamba ni ziwa moja, na kwamba maji yake hutokea hapo kwenu, kwenye maporomoko ya Ripon. Baadaye mwaka huohuo alirudi eneo hilo pamoja na Muteesa, Kabaka alipokuwa akipigana na Wavuma, watu wa visiwa vya Buvuma.

Kwa hiyo Njeru ni mahali pa Stanley kuliko pa Chaillé-Long. Kibao cha Chaillé-Long kingefaa zaidi kandokando ya Kyoga au karibu na Masindi Port. Msiwabandike wote wawili mahali pamoja kwa sababu tu fedha zimepatikana Njeru.

Tunawasihi pia msiishie kwa hao wawili. Stanley aliondoka pwani na Wazungu watatu, Frederick Barker na ndugu wawili, Edward na Frank Pocock, na wote watatu walifia njiani. Waliouvusha msafara hadi Bahari ya Atlantiki ni Waungwana, yaani wapagazi na askari wa Unguja, wakiongozwa na nahodha wao Manwa Sera, na Uledi akiwa kwenye usukani wa mashua. Kwa Uganda yuko mmoja anayestahili mstari wake mwenyewe: Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamishonari wa Unguja. Stanley alimwacha kwa Muteesa awe mwalimu na mwandishi wake. Miaka miwili kabla ya wamishonari wa kwanza wa Kiingereza kufika, Juni 1877, kijana huyu alikuwa tayari anamsomea Kabaka maandiko kwa Kiswahili.

Mwanangu anaendesha lori Marekani. Amenitumia picha ya kibao cha rangi ya kahawia chenye watu wawili, mmoja amenyoosha mkono. Anasema amekiona majimbo mengi. Hao ni nani, na mbona hakina maelezo?
*Mama wa watoto watano, Bombo*

Mama, hao ni Meriwether Lewis na William Clark. Walitumwa na Rais Thomas Jefferson kuifuata mito kuelekea magharibi. Waliondoka karibu na St. Louis tarehe 14 Mei 1804, wakapanda na mto Missouri, wakaifikia bahari ya Pasifiki Novemba 1805, na wakarejea St. Louis tarehe 23 Septemba 1806. Njia yao ilitangazwa kuwa njia ya kihistoria ya kitaifa mwaka 1978, ndiyo maana mwanao anakutana na picha ileile jimbo baada ya jimbo.

Hakina maelezo kwa sababu kazi yake ni kumwambia dereva kwamba yuko kwenye njia hiyo. Maelezo huwa kwenye kibao cha pili, mahali pa kuegesha gari. Vibao hivyo vya pili mara nyingi ni vya alumini ya kumimina, vimesimama juu ya nguzo moja na maandishi pande zote mbili. Jimbo la Virginia lilianza kusimika vyake mwaka 1927, na mwaka huohuo karakana ya Sewah Studios ilianzishwa Marietta, Ohio, ambayo mpaka leo inavimimina kwa majimbo mengi.

Akipita Sioux City, Iowa, aangalie mnara wa mawe wa karibu mita 30. Ni kaburi la Sajini Charles Floyd, mtu pekee wa msafara huo aliyekufa safarini, tarehe 20 Agosti 1804. Akipita Montana, kwenye mwamba wa Pompeys Pillar kuna jina la Clark alilolichonga mwenyewe tarehe 25 Julai 1806. Kokote atakakosoma, atafute kama wametajwa York, mtumwa wa Clark, na Sacagawea, mama wa Kishoshone aliyesafiri na mtoto mchanga mgongoni. Kibao kisichowataja hao wawili kimeacha sehemu kubwa ya safari yenyewe.

Tuna maneno 400 tayari kwa kibao chetu cha njia ya Stanley kuelekea magharibi. Mwenzetu anasema ni mengi mno. Yapunguzwe mpaka mangapi, na lugha iwe ipi?
*Mwalimu wa historia, Kasese*

Mwalimu, mwenzenu ana haki. Mtu aliyesimama juani husoma maneno 60 hadi 80, kisha anarudi kwenye gari. Lengeni 70 kwa kila lugha.

Lugha tatu zinaingia vizuri kwenye bamba la sentimita 90 kwa 60. Gawanyeni safu tatu za sentimita 27. Herufi kubwa ziwe na urefu wa milimita 12, na kutoka mstari hadi mstari milimita 20. Safu moja itabeba kama herufi 28 hadi 30 kwa mstari, na maneno 70 yatachukua mistari 16 au 17, yaani sentimita 34 hivi. Nafasi inayobaki ni ya kichwa cha habari chenye herufi za milimita 40, na pambizo. Kwenu tungechagua lugha ya wenyeji, Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili kimo katika katiba kama lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya 2005, kwa hiyo hakuna haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kukiweka.

Kuhusu yaliyomo, eneo lenu lina mtego. Januari 1876 Stanley alifika kwenye maji aliyoyaita Ghuba ya Beatrice, akaamini ni sehemu ya ziwa ambalo Baker alikuwa ameliita Albert. Hayakuwa. Leo tunayajua kama Ziwa George. Yeye mwenyewe alikuja kuelewa mpangilio wa maziwa hayo aliporudi 1889 na kuona kwamba mto Semliki unatoa maji Ziwa Edward na kuyapeleka Albert. Mkinakili shajara yake ya 1876 bila kuipima, mtachonga kosa lake kwenye jiwe. Kila sentensi ya kibao ipitishwe kwenye maswali mawili: imetoka kwa nani, na je, aliyekuja baadaye aliirekebisha?

Pendeleeni sentensi za tendo na tarehe: alifika, alilala, alipewa chakula na fulani, aliondoka. Sifa kama “shujaa” na “wa kwanza kabisa” ziacheni. Kama kitu kinachotajwa hakionekani tena, kibao kiseme hivyo. Ripon ni mfano mzuri: maporomoko aliyoyaona Speke tarehe 28 Julai 1862 yamefunikwa na maji tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Mgeni asipoambiwa atasimama akiyatafuta kwa macho.

Kabla fundi hajashika tindo, chapisheni maandishi yote kwenye karatasi ya ukubwa uleule wa bamba, mtundike ukutani. Wasome watu watatu, na mmoja wao asome kwa sauti akianzia neno la mwisho kurudi la kwanza, maana jicho huruka makosa linapofuata maana ya sentensi. Tarehe na majina yakaguliwe peke yake. Jina la Kabaka liwe na sura moja, Muteesa, si Mtesa kwenye safu moja na Mutesa kwenye nyingine. Kosa kwenye granaiti halifutiki. Njia pekee ni kusaga uso mzima na kuanza upya.

Ni kipi kinachodumu zaidi: shaba, alumini, granaiti au bati lililopakwa rangi? Na nguzo ichimbiwe kiasi gani?
*Fundi, Masindi*

Fundi, tuanze na yasiyofaa. Bati lililopakwa rangi litafifia na kushika kutu kwenye matundu ya misumari kabla ya vingine vyote. Nguzo ya mbao ni chakula cha mchwa. Shaba ni nzuri kuliko zote kwa macho, lakini itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Msiipe barabara kitu ambacho mtu anaweza kukiuza kwa kilo.

Yanabaki mawili. Granaiti huchongwa na mafundi walewale wa mawe ya makaburi. Mkato wa herufi uwe wa umbo la V, wenye kina kisichopungua milimita 3, ili herufi isomeke kwa kivuli chake hata rangi ikitoka. Wengi hukwaruza milimita 1 tu na kuitegemea rangi, na rangi ikiondoka kibao kinakuwa bubu.

La pili ni alumini ya kumimina. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaomimina masufuria wana ujuzi wote unaotakiwa. Waelezeni mambo haya:

Alumini husinyaa inapopoa, kama asilimia 1.3. Kielelezo cha mbao cha bamba la sentimita 90 kiwe na sentimita 91.2. Kingo za herufi kwenye kielelezo ziinamishwe kidogo kwenda nje, la sivyo zitabomoa mchanga wa kumiminia unaokizunguka wakati wa kukitoa. Herufi ziinuke milimita 3 au 4 juu ya uso wa bamba. Mchanga wa kumiminia usiwe na maji mengi: mvuke hutoboa chuma vitundu, na ukizidi hurusha alumini ya moto usoni mwa fundi. Unene wa milimita 9 unatosha, na bamba zima litakuwa na kilo 13 hivi. Kabla ya rangi, bamba lisuguliwe na lipakwe rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Rangi ya kawaida ikipakwa moja kwa moja hubanduka magamba magamba.

Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati ya bolti na alumini kuwe na washa ya nailoni au plastiki ngumu. Alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu, alumini huliwa, na shimo la bolti hupanuka mpaka bamba linaning’inia. Vichwa vya bolti viwe vya aina inayokatika ukishakaza, ili spana ya kawaida isishike kitu.

Sasa nguzo. Bamba la upana unaozidi sentimita 60 linataka nguzo mbili. Tumia bomba la chuma lililopakwa zinki, kipenyo milimita 75, unene wa ukuta milimita 3. Chini ya kila bomba chomelea kipande cha nondo cha msalaba, sentimita 30, kitakachozuia nguzo isizungushwe wala kung’olewa. Unapochomelea, zinki inaungua na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe nje penye upepo, kisha pale palipoungua papakwe rangi ya zinki. Mdomo wa juu wa bomba uzibwe. Maji yakiingia, bomba litaoza kutoka ndani, na nje hutaona dalili.

Shimo liwe sentimita 40 kwa 40, kina 75, na mtupe kokoto kidogo chini kabisa maji yapate pa kupenyea. Kwa kila shimo: saruji mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga lita 70 (jerikeni tatu na nusu za lita 20), kokoto lita 140 (jerikeni saba), maji lita 25 hadi 27. Itabaki kidogo, nayo ni ya kuinua mgongo wa zege juu ya ardhi ukiteremka pande zote ili maji yasituame kwenye shina la nguzo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuongeza maji ili zege limiminike kirahisi. Zege la maji mengi hupasuka na kuvunjika kwa vidole. Lishindilieni kwa fimbo badala ya kulilegeza. Lifunikwe magunia na kumwagiwa maji siku 7. Bamba lisifungwe kabla ya siku hizo kwisha.

Katikati ya bamba paje sentimita 140 hivi kutoka ardhini. Na kama mmeandaa picha ya msimbo wa kusomwa kwa simu, iwekwe kwenye kibamba kidogo cha pekee chenye skrubu zake. Anwani za intaneti hufa, jiwe hubaki.

Tukiweka kibao karibu kabisa na lami si kitaonekana zaidi?
*Dereva wa teksi, Masaka*

Kitaonekana, lakini hakitasomeka. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Hata herufi ya sentimita 15 huanza kusomeka ukiwa umebakiza mita 70 hivi, yaani dereva ana sekunde 3. Hizo zinatosha kwa maneno matatu au manne na si zaidi. Fuateni utaratibu wa vibao viwili: kidogo cha kuashiria, mita 200 kabla, na kile cha maelezo mahali ambapo magari mawili matatu yanaweza kuegeshwa nje ya lami. Kilele cha kilima na sehemu ya kona viepukwe kabisa.

Bamba lielekee kaskazini au kusini inapowezekana. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hutoka mashariki na kuzama magharibi, na bamba linaloelekea huko hupigwa usoni asubuhi au jioni: rangi inafifia na msomaji anafumba macho. Tena msomaji asimame upande wa mbali na barabara, uso wake ukiyatazama magari. Watoto wa shule wakija darasa zima, mtafurahi mlifanya hivyo.

Ni nani anayetoa ruhusa? Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji) ameshakubali.
*Msomaji, Buikwe*

Kukubali kwake ni mwanzo mzuri. Hatua inayofuata ni ardhi. Kama ni mailo, yaani ardhi ya hati ya kudumu ya Buganda, sahihi itoke kwa mwenye hati na pia kwa mwenye kibanja, yule anayeishi au kulima juu yake. Mkimwacha mmoja, ndiye atakayeking’oa. Kama ardhi ni ya Kabaka, barua iende Buganda Land Board.

Kisha barabara. Hifadhi ya barabara kuu nyingi ni mita 15 kila upande kutoka mstari wa kati, na baadhi ni pana zaidi, kwa hiyo mhandisi aje apime. Barabara za kitaifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo imechukua kazi zilizokuwa za UNRA, mamlaka ya zamani ya barabara za kitaifa. Za wilaya ziko kwa mhandisi wa wilaya. Kibao kilichosimikwa ndani ya hifadhi bila barua huondolewa siku tingatinga linapopita, na hakuna fidia.

Mwisho, pelekeni maandishi na ramani ya mahali kwa Idara ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu, chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Jumba la Makumbusho la Uganda lipo Barabara ya Kira, Kampala. Wapelekeeni kabla ya kuchonga. Kama mahali penyewe pana masalio ya kale, msichimbe hata shimo la nguzo mpaka wamekuja kuona.

Kibao cha jiwe hapa kwetu kimeota ukungu wa kijani na madoa meupe. Tumeshauriwa kutumia asidi ya betri.
*Mhudumu wa hoteli, Jinja*

Msiiguse asidi, tafadhali. Zege na mawe ya chokaa huliwa nayo papo hapo, na kwenye granaiti itakula saruji ya viungio na kuacha madoa ya njano. Brashi ya waya nayo huacha vipande vya chuma ambavyo mvua ya kwanza itavigeuza kutu.

Lowesheni jiwe lote kwa maji safi, mlisugue na brashi laini ya nailoni kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiteremke juu ya sehemu kavu na kuchora michirizi. Ule ukungu mgumu unaong’ang’ania kama magamba lowesheni, mngoje dakika 15, kisha kwangueni kwa kijiti cha mbao au mwanzi. Suuzeni kwa maji mengi. Madoa meupe yakirudi baada ya kukauka, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini: chimbeni mfereji mdogo kuzunguka msingi maji yaondoke, na mhamishe maua yanayomwagiliwa kila siku mguuni pa jiwe. Herufi zijazwe rangi upya baada ya jiwe kukaa kavu siku tatu, kwa brashi namba 2, na inayomwagika nje ya mkato ifutwe hapohapo.